Kiwavi Ambaye Hakuwa Kipepeo

Katika shule ya msingi niliyosoma, ukuta wa darasa la nne ulikuwa na mchoro wa duara: yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na mishale minne ya kuonyesha nani anatoka kwa nani. Chini ya mchoro huo mwalimu wetu alikuwa ameandika kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya shule nyingi za Uganda, maneno ambayo kwa Kiswahili ni: "Usimdharau kiwavi, kesho ni kipepeo." Karibu na dirisha kulikuwa na maandishi mengine ambayo kila mtoto wa Afrika Mashariki amewahi kuyasikia: watoto ni taifa la kesho.

Nilikua nikiamini kwamba misemo hiyo miwili ni mafunzo mema, na sina shaka kwamba walioiandika walikuwa na nia njema. Lakini leo naona kwamba ina kasoro, na kasoro hiyo si ndogo. Yote miwili inatuambia tumheshimu kiumbe kwa sababu ya kile atakachokuwa. Haisemi lolote kuhusu kile alicho. Hivyo swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, thamani ya kiumbe inatokana na mwisho wake, au anayo tayari akiwa njiani? Na ikiwa inatokana na mwisho, tuseme nini juu ya yule asiyefika?

Swali hili sikulipata katika mihadhara ya falsafa. Nililipata katika kitalu cha miche cha bibi yangu, likizo ya Desemba na Januari ya mwaka wangu wa kwanza chuoni.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi humwita Jjajja kama ilivyo desturi ya Waganda, huuza miche kando ya barabara katika wilaya ya Mukono. Ana michungwa, milimau, miembe, miparachichi na mibuni, yote katika mifuko midogo myeusi ya plastiki, chini ya kivuli cha matawi na nyasi. Kazi niliyopewa likizo ile ilikuwa ya namna tatu: kumwagilia asubuhi na jioni, kung'oa magugu, na kuua viwavi. Jjajja hatumii dawa ya kunyunyizia kwa sababu ni ghali. Huwatoa viwavi kwa vidole, mmoja mmoja, akawatumbukiza katika kopo la maji ya sabuni. Mche wa mlimau wenye majani kumi na mawili hauwezi kumvumilia kiwavi hata mmoja. Ukimwacha wiki moja, unabaki na kijiti, na hakuna mteja anayenunua kijiti.

Nilisaidiwa na mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Mama yake anafanya kazi Kampala, na mtoto analelewa na Jjajja. Sitalitaja jina lake. Asubuhi moja nilikuwa nasafisha jani la mlimau nililodhani limechafuliwa na ndege, kwa maana lilikuwa na kitu cha hudhurungi na weupe kama kinyesi kibichi. Mtoto akanishika mkono, akasema, "Dada, hicho kinyesi kinatembea."

Kweli kilikuwa kinatembea. Nilikipiga picha, nikaituma kwa rafiki yangu anayesoma elimu ya wadudu. Akajibu kwamba ni kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus, na kwamba anapatikana karibu kila mahali kusini mwa Sahara. Akaniagiza nimtafute kaka yake mkubwa kwenye mti uleule na kumgusa taratibu nyuma ya kichwa. Tulimtafuta tukampata. Alikuwa wa kijani, mnene, mwenye mabaka ya hudhurungi mbavuni, na hakufanana hata kidogo na yule wa kwanza. Nilipomgusa alichomoza pembe laini yenye panda mbili, rangi kama ya chungwa, ikatoa harufu kali ya kuchukiza. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza: kumtambua kiwavi si kazi ya jicho peke yake. Ukiuliza tu ana rangi gani utadanganyika, maana kiwavi huyu mmoja ana sura mbili kabla hata ya kuwa kipepeo. Akiwa mdogo hujifanya kinyesi ili ndege asimtamani, na akiwa mkubwa hujifanya jani. Swali la kwanza la mtu anayejua ni: yuko juu ya mti gani? Viwavi wengi huchagua sana chakula. Wengine hawali ila majani ya jamii moja ya mimea, na wako radhi kufa njaa juu ya majani mengine. Swali la pili ni: anafanya nini unapomsogelea? Na swali la tatu, ambalo ndilo gumu, hujibiwa kwa subira tu: atatoka nani? Uganda ina aina zaidi ya 1,200 za vipepeo, na nondo ni wengi zaidi kuliko hao. Watalaamu wenyewe, wanapokuwa na mashaka, humlisha kiwavi na kungoja.

Basi nasi tuliamua kungoja. Jjajja alituruhusu kuwaweka viwavi sita kwa sharti kwamba hawatakula jani hata moja la miche yake. Wangelishwa majani ya mlimau mzee ulio nyuma ya jiko, mti ambao umezaa tangu mama yangu akiwa msichana. Tukatafuta makopo sita, tukayafunika kwa vipande vya chandarua kilichochakaa, na mtoto akayaandika namba kwa chaki.

Kulea viwavi ni kazi isiyo na maajabu mengi. Kila siku tulibadilisha majani na kumwaga vinyesi vilivyo kama punje za pilipili manga. Walikula, wakalala, wakajivua ngozi, wakala tena. Kiwavi huyu hujivua ngozi mara nne akiwa kiwavi, na mara ya tano ndipo pupa huonekana. Namba mbili alikufa katikati ya kujivua, ngozi ya zamani ikiwa imembana kiunoni. Namba nne alikuwa mlaji wa ajabu: majani ya siku nzima aliyamaliza kabla ya adhuhuri, na tukawa tunamwibia ya wenzake. Mmoja baada ya mwingine, wale watano waliosalia walipanda vijiti tulivyowawekea, wakajifunga kwa mshipi mwembamba wa hariri kama mtu anayepanda mnazi, wakageuka pupa. Nilimwambia mtoto kwamba katika Kiswahili neno pupa lina maana nyingine, haraka na tamaa, na kwamba wahenga husema mla kwa pupa hadiriki tamu. Akaniuliza inakuwaje kitu kisichosogea kabisa kiitwe haraka. Sikuwa na jibu.

Baada ya kama wiki mbili, namba moja alitoka asubuhi mapema. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Alining'inia, akayajaza polepole kwa maji ya mwili wake, na baada ya muda mrefu yakawa yamenyooka: meusi, yenye madoa mengi ya manjano, na kwenye mabawa ya nyuma doa lenye wekundu na buluu kama jicho. Namba tatu alifuata, kisha namba sita. Tuliwaachilia wote karibu na mlimau mzee, wakapaa juu ya paa la jiko.

Namba tano alikauka akawa mweusi, hakutoka. Na namba nne, yule mlaji wetu, tulimkuta asubuhi moja akiwa na tundu dogo la duara ubavuni mwa pupa. Chandaruani walikuwa wamejipanga nyigu wadogo mno, wanaong'aa, makumi kwa makumi. Rafiki yangu alinieleza kwamba kuna nyigu ambao hutaga mayai ndani ya viwavi au ndani ya pupa wachanga, na watoto wao hula nyama ya mwenyeji kutoka ndani mpaka wanapokuwa tayari kutoka. Ni jambo la kawaida kabisa.

Nilikasirika. Nilisema, "Namba nne amepotea bure. Karibu mwezi mzima tumelisha nyigu."

Mtoto akanitazama kwa mshangao. "Hakupotea bure," akasema. "Ndiye alikuwa mlaji kuliko wote. Umesahau?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya nirudi kwenye maandishi ya ukutani. Mimi nilimhesabu namba nne kwa kipepeo ambaye hakutokea. Mtoto alimhesabu kwa kiwavi ambaye alikuwapo. Nani kati yetu alikuwa na haki?

Upande wangu una watetezi wakubwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kuhusu viwavi wa kwenye majani ya kabichi wanaogeuka kuwa vipepeo. Fundisho lake maarufu ni kwamba kila kitu chenye uhai kina mwisho kinaoelekea, na hatuwezi kukielewa bila kuujua mwisho huo. Mbegu inaeleweka kwa mti, na kiwavi kwa kipepeo. Sitaki kulipinga fundisho hili haraka haraka, kwa sababu lina ukweli. Bila kujua habari za kipepeo singeelewa kwa nini kiwavi hula kama mwenye deni, wala kwa nini siku moja anaacha kula na kutafuta kijiti.

Hata hivyo, kukieleza kitu kwa mwisho wake ni jambo moja, na kukithamini kwa mwisho wake ni jambo jingine. Tunaposema "usimdharau kiwavi, kesho ni kipepeo" tunavuka kutoka jambo la kwanza hadi la pili bila kugundua kwamba tumevuka. Maana iliyofichika ni hii: kama asingekuwa kipepeo wa kesho, ungeruhusiwa kumdharau.

Tuutazame tena ule mchoro wa ukutani. Una mishale minne. Mshale wa nne unatoka kwa kipepeo kwenda kwenye yai, na yai linakwenda kwa kiwavi. Kama duara halina mwisho, nani alituambia kwamba kipepeo ndiye kilele na wengine ni ngazi? Kwa nini tusiseme kwamba kipepeo yupo ili kuwe na viwavi? Anaruka, anajamiiana, anatafuta mlimau, anataga, anakufa. Maisha yake yenye mabawa si lazima yawe marefu kuliko yale aliyotambaa. Tulimchagua kipepeo kuwa kilele kwa sababu ni mzuri machoni petu. Uchaguzi huo ni wetu, wala haukuandikwa popote katika mwili wa mdudu.

Kuna mwanamke mmoja ambaye naamini alilielewa jambo hili kabla ya wengi. Maria Sibylla Merian, mchoraji wa Kijerumani, alilea viwavi nyumbani kwake tangu akiwa msichana, na mwaka 1679 alichapisha kitabu cha michoro yao, kila mmoja akiwa juu ya mmea anaoula. Baadaye, mwaka 1699, alisafiri hadi Suriname ili kuwachora viwavi wa huko. Jambo linalonigusa ni kwamba, alipongoja kipepeo wakatoka nzi au nyigu, hakutupa kopo akaanza upya. Aliwachora na hao. Katika kurasa zake kiwavi aliyeliwa ana nafasi yake sawa na kiwavi aliyepaa.

Msomaji anaweza kusema: lakini kiwavi na kipepeo si ni mtu mmoja, kwa hiyo kumheshimu mmoja ni kumheshimu mwingine? Ni kweli kwamba wana uhusiano wa ndani kuliko tulivyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio juu ya viwavi wa nondo wa tumbaku. Waliwafundisha kuiogopa harufu fulani kwa kuwapa mshtuko mdogo wa umeme. Wale waliofundishwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi waliendelea kuikwepa harufu hiyo hata walipokuwa nondo. Wale waliofundishwa mapema zaidi hawakuikumbuka. Jaribio hili ni zuri, na linaonyesha kwamba kiwavi si ganda la kutupwa. Lakini tazama tunavyolitumia: tunafurahi kwamba mateso ya kiwavi yalimfaa nondo. Bado tunamhukumu wa leo kwa faida ya yule wa kesho. Vipi viwavi walioshtuliwa wakafa kabla ya kugeuka? Je, maumivu yao hayakuwa maumivu?

Kama haya yangehusu wadudu tu, nisingeandika insha. Lakini mwishoni mwa Januari ileile, wiki ambayo nyigu walitoka katika kopo namba nne, familia ya mama yangu ilikaa kikao.

Mdogo wangu ana ugonjwa wa selimundu. Jina hilo la Kiswahili linajieleza lenyewe: seli nyekundu za damu huchukua umbo la mundu badala ya kuwa duara, zikakwama katika mishipa midogo, na mgonjwa akapata maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa mara tatu. Serikali yetu ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na shule ya serikali haidai ada, lakini ile iliyo jirani nasi iko mbali kwa miguu ya mtoto ambaye baridi na uchovu humlaza kitandani. Shule ya karibu ni ya binafsi, na inadai ada. Kikao kilikuwa cha kuamua kama ilipwe.

Mjomba wangu mkubwa ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikifikiri. Si mtu mbaya. Ana watoto wanne wa kusomesha, na mara mbili kati ya zile tatu ndiye aliyembeba mdogo wangu usiku kwa pikipiki kwenda hospitali. Alisema, kwa sauti ya chini, "Simchukii mtoto. Lakini ugonjwa huu tunaujua. Mnapanda mti ambao hautazaa. Fedha hizo ziende kwa wale watakaofika."

Watakaofika. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu wiki hiyohiyo nami nilikuwa nimelisema kwa maneno mengine juu ya kopo namba nne.

Mtu anaweza kumjibu mjomba kwa hoja ya hesabu. Siku hizi kuna dawa na huduma ambazo zamani hazikuwapo, na watu wengi wenye selimundu wanafika utu uzima, wanafanya kazi, wana watoto. Hoja hiyo ni ya kweli, na niliisema kikaoni. Lakini nilipokuwa naisema nilihisi kwamba nimekubali mchezo wa mjomba na ninabishana naye juu ya matokeo tu. Nilikuwa namwambia: usimdharau, huenda akawa kipepeo. Ingekuwaje kama madaktari wangesema kwa hakika kwamba hatafika? Je, hapo mjomba angekuwa na haki?

Jjajja alikuwa amekaa kimya akimenya maharage. Alipozungumza hakuitaja kesho hata mara moja. Natafsiri kutoka Kiganda: "Mimi sijui nani atafika. Nyinyi wote niliwazaa bila kujua, na wawili nimewazika. Ninachojua ni kwamba mtoto huyu akiamka asubuhi huuliza daftari lake liko wapi. Njaa ya leo hulishwa leo." Akasema atauza miche ya parachichi aliyokuwa akiitunza kwa mteja mkubwa, na atalipa muhula wa kwanza. Mjomba alinyamaza muda, kisha akasema ataleta sare.

Nimelifikiri jibu la Jjajja kwa miaka miwili sasa, na naona kwamba lina falsafa kamili. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alifundisha kwamba mwanadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo jingine. Kwa kawaida tunadhani onyo hilo linawahusu watu wawili: mimi nisikutumie wewe. Lakini nadhani linamhusu pia mtu mmoja katika nyakati mbili. Hatuna haki ya kumfanya mtoto wa leo kuwa chombo cha mtu mzima wa kesho, kana kwamba utoto ni malighafi na utu unakuja baadaye kiwandani. Waganda tuna neno obuntubulamu, yaani utu unaoonekana katika jinsi unavyomtendea mwingine. Sijawahi kumsikia mzee yeyote akisema kwamba obuntubulamu unamngoja mtu mpaka afaulu mtihani.

Kuna pingamizi mbili ambazo lazima nizijibu. Ya kwanza: ikiwa thamani iko katika leo, basi kwa nini tumsomeshe mtoto? Si afadhali acheze tu? Hapa kiwavi mwenyewe ananisaidia. Mabawa hayaji kutoka nje wakati wa pupa. Vichipukizi vyake ni mafungu madogo ya seli ambayo yamo ndani ya kiwavi anapokuwa anakula. Hakuna mtu anayemwambia kiwavi aache kula ili ajiandae kuwa kipepeo, maana kula vizuri leo ndiko kujiandaa. Vivyo hivyo shule njema ni leo na kesho kwa pamoja. Mdogo wangu anapojua kusoma kibao cha basi barabarani, furaha ile ni mali yake siku hiyohiyo. Shule ambayo haimpi mtoto chochote ila ahadi ya kesho, imemdanganya hata yule atakayefika.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ikiwa kila kiwavi ana thamani yake, je, Jjajja ni mwuaji? Na wakulima waliovamiwa na viwavijeshi vamizi, ambao walithibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na wakafika kwetu muda mfupi baadaye, wakae tu wakitazama mahindi yakiteketea? Sisemi hivyo. Kuwa na thamani si sawa na kuwa na kinga. Mwanadamu naye lazima ale, na mara nyingine thamani mbili zinagongana, moja ikashindwa. Ninachokataa ni ule uongo unaotufariji, kwamba tulichokiua hakikuwa kitu. Mtu anayejua kwamba anaua kiumbe hutafuta kwanza kumjua. Kiwavijeshi vamizi ana alama kama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Asiyezijua alama hizo humwaga sumu juu ya kila kinachotambaa, akaua na wasio na hatia, wakiwamo nyigu ambao wangemsaidia kazi. Kwa hiyo kutambua si mchezo wa wanasayansi. Ni wajibu wa yeyote mwenye kopo la sabuni mkononi.

Na ndivyo Jjajja afanyavyo. Kwenye miche huwatoa viwavi, kwa sababu mche hauwezi kuwalisha na yeye ana mtoto wa kulisha. Kwenye mlimau mzee nyuma ya jiko huwaacha, kwa sababu mti ule una majani ya kutosha. Hajawahi kusema kwamba anawaacha kwa ajili ya vipepeo.

Msemo wa mwalimu wangu nautakia mema, lakini ningeufuta nusu yake. Usimdharau kiwavi: hapo ningeweka nukta. Na kuhusu watoto, wao ni sehemu ya taifa tayari, tangu leo asubuhi, pamoja na wale ambao hatuna hakika nao.

Mdogo wangu sasa yuko darasa la sita. Muhula uliopita alilazwa wiki mbili, akarudi, akaendelea. Juzi alinipigia kwa simu ya Jjajja kunijulisha kwamba mlimau mzee una viwavi tena, amehesabu tisa. Nilimuuliza, kwa mazoea tu, kama anadhani wangapi watakuwa vipepeo.

"Sijui, dada," akanijibu. "Kwa sasa wanakula."